Niangalizie Begi Langu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, nakupa pole na hongera kwa pamoja, maana yaliyonipata si ya kusoma huku unakula. Nitakusogeza haraka ili twende sawa.

Mimi ni fundi makochi. Mtaani wananiita Springi kwa sababu ukinibonyeza naruka, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Nilikata tiketi ya treni niende mji wa mwisho wa reli, kushona upya viti vya ukumbi wa mikutano. Treni ikachelewa. Asubuhi ikawa mchana, mchana ukawa alasiri, na kipaza sauti kikaendelea kutuomba radhi.

Stesheni yetu ina desturi yake. Treni ikichelewa watu hawasimami foleni, mabegi ndiyo husimama. Unaliweka begi mstarini, unachomeka tiketi kwenye mkanda ili mchukuzi ajue kiti chako, unamwambia aliye nyuma yako, "Niangalizie begi," kisha unakwenda zako kutafuta kivuli. Akishakubali, begi lako ni amana kwake hata kama hamjuani. Sijawahi kusikia mtu ameibiwa begi kwenye mstari ule.

Nyuma yangu alikuwa bwana mmoja mwembamba, rika la kaka yangu, mwenye kikohozi cha kumtikisa mabega. Tiketi yake ilikuwa ya kusimama, haina kiti. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umevunjika, akawa anaushikilia kwa kidole kila anapotaka kusoma saa ya ukutani. Nikamhurumia. Nikatoa uzi wangu wa nta, ule wa bluu wa kushonea kochi, nikamfungia. Akavaa, akatikisa kichwa kushoto na kulia, akacheka.

Ndipo mke wangu alipopiga simu kuwa binti yetu ameanguka na anatapika damu. Nilimgeukia yule bwana nikasema neno moja, "Niangalizie begi." Akanijibu, "Nenda, ndugu yangu. Halipotei nikiwa hai."

Utumbo wa mtoto ulikuwa umejisokota. Walimpasua, wakamwachia kijishimo ubavuni na mfuko wa plastiki wa kupokea uchafu, wakasema lazima apasuliwe mara ya pili ili utumbo urudishwe mahali pake. Nilipopata nafasi ya kurudi stesheni, treni ilikuwa imeondoka kitambo, na begi limekwenda nayo. Kesho yake kaka yangu akatoweka. Aliaga kwa neno moja tu, kwamba anakwenda kutafuta fedha. Na wiki jana nilikuacha pale Kaka aliposimama kwenye mlango wa wodi, amekonda, viatu vina udongo mwekundu, na mkononi ameshika begi langu.

Tuendelee.

Nilimkumbatia. Nikamwuliza begi amelipata wapi. Akasema alipita ofisi ya mizigo iliyopotea, huko mwisho wa reli, akalikuta. Nikamwuliza alikuwa anafanya nini mwisho wa reli. Akasema, "Kuna mtu nilikuwa namdai." Mimi nikaamini, maana Kaka ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki. Hata kazi ya makochi amenifunza yeye. Nilikuwa mdogo kiasi cha kuingia ndani ya kochi na kumshikia springi kwa ndani huku yeye anafunga kamba kwa nje.

Nikakagua zana. Nyundo ipo, mkasi upo, sindano zilizopinda zote zipo. Kitambulisho changu, ambacho huwa nakiweka mfuko wa ndani, hakipo. Kaka akasema kitakuwa kimeanguka njiani. Tiketi nayo haikuwepo kwenye mkanda.

Kisha nikaingiza mkono mfuko wa pembeni, nikatoa miwani.

Nilijua ni ya nani kabla sijaivaa machoni. Fundo lilikuwa langu. Mimi nafunga fundo la kuzungusha mara mbili na kurudi chini, hakuna mwingine mtaani anayefunga hivyo. Nikacheka, nikamwambia Kaka kuwa yule bwana wa foleni amesahau macho yake kwenye begi langu, sasa sijui anasomaje.

Kaka hakucheka. Aliichukua miwani mkononi mwangu, taratibu, akaitumbukiza kwenye ndoo ya taka ya wodi, kati ya pamba chafu. "Vitu vya watu usivyovijua usikae navyo," akasema.

Mke wangu akaniangalia, nami nikamwangalia. Kaka alipokwenda kumsalimia mtoto, nikaiokota miwani, nikaifuta, nikaitia mfukoni. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya ukaidi. Ukiniambia tupa, nitaokota.

Muda ukapita. Siku moja Kaka akaja hospitali na bahasha, akalipa deni lote la upasuaji wa kwanza, mtoto akaruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri wa pili. Nikamwuliza fedha zimetoka wapi. Akasema ameuza ile cherehani kubwa ya ngozi. Kweli, karakana ilikuwa na pengo pale cherehani ilipokaa miaka yote. Nililia mbele ya mke wangu bila aibu. Fundi akiuza cherehani yake amekata mkono wake. Binti yangu akampa Kaka ua alilokata kwenye karatasi ya dawa, na akawa kila asubuhi anauliza Baba Mkubwa anakuja saa ngapi.

Lakini Kaka alikuwa amebadilika. Zamani alikuwa anaimba akigonga misumari, sasa kimya. Mlango ukigongwa anashtuka. Na kuna jambo lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu arudi, hakuwahi kuniita jina langu. Wala Springi hakuniita tena. Aliniita "fundi", kama anavyomwita mtu wa kupita.

Siku moja nikasema nitakwenda stesheni kudai nauli yangu. Treni ilichelewa kupita kiasi, mimi sikusafiri, na sheria yao wenyewe imebandikwa ukutani kwamba asiyesafiri kwa sababu ya ucheleweshaji anarudishiwa. Najua kuna wasomaji walioniandikia kwamba mtu mwenye mgonjwa ndani hahangaiki na nauli. Hamnijui. Mimi haki yangu hata ikiwa kifungo cha shati naifuata.

Kaka akaweka nyundo chini.

"Hiyo nauli achana nayo."

"Kwa nini? Ni yangu."

"Nitakupa mimi. Mara mbili yake. Lakini lile dirisha usilisogelee."

Akaona amesema zaidi ya alivyotaka, akalainika, akaanza kunieleza kwamba wale watu wa reli watanizungusha, watanitia hasira, nitarusha maneno, nitafungwa, na mtoto bado ana upasuaji. Akaongeza kuwa kuna kazi nzuri mji wa mbali, viti vya shule nzima, na mtoto akishapona nihame kabisa na familia. Akasema huko nitafute hata jina jipya la biashara, hili la Springi ni la kitoto.

Usiku ule mke wangu akanisihi. Akasema Kaka amemtoa mtoto wetu kwenye kinywa cha mamba, sasa neno moja tu analoniomba nashindwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. Nikamwahidi sitakwenda. Nilikuwa nasema kweli wakati ule.

Keshoye akaja karakana fundi wa kutengeneza cherehani, mtu mcheshi, mwenye tumbo lililomtangulia. Kaka hakuwepo. Akaniambia nimpe Kaka salamu, ile mashine ya ngozi imeshapona, aje aichukue maana inamjazia nafasi.

Nikamwuliza mashine ipi.

"Mna ngapi? Ile kubwa. Kaniletea mwenyewe, kaniambia nisiirudishe haraka."

Akaondoka anapiga mluzi. Mimi nikakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zinanichoma, nisisikie maumivu. Cherehani haikuuzwa. Basi mtoto wangu alilipiwa na nini?

Ningeweza kumwuliza Kaka. Lakini mtu akikudanganya kwa ajili ya kukuokolea mwanao, unamwulizaje? Nilichofanya ni kuchukua begi langu, nikaitia miwani mfuko wa shati, nikaenda kule nilikokatazwa. Nilijiambia nakwenda kudai nauli na kuulizia mwenye miwani. Moyoni nilijua nakwenda kutafuta kitu ambacho sikutaka kukipata.

Dirisha la marejesho liko mwisho wa ukumbi wa stesheni, karibu na vyoo, ili mwenye kudai achoke mapema. Anayekaa pale ni mama mmoja mnene, mpole, anayeshona sweta chini ya kaunta, na abiria wanamwita Mama Dirisha. Kwenye benchi la ukutani alikaa mwanamke mmoja aliyevaa kanga mbili zilizofifia, mikono mapajani, haangalii mtu. Mbele yangu kulikuwa na kijana mmoja anayegombana kwamba yeye alichelewa kwa sababu treni siku hiyo haikuchelewa kama alivyoizoea. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho katika hadithi hii.

Zamu yangu ikafika. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba kuna tiketi haikutumika, treni ile iliyochelewa mpaka alasiri, nataka nauli. Akaniomba tiketi. Nikasema imepotea. Akaniomba kitambulisho. Nikasema nacho kimepotea. Akatabasamu, akasema basi nimpe jina na siku ya safari, jina halipotei.

Nikampa jina langu kamili.

Akabofya, akasoma, akaweka sweta pembeni. Akavua hata miwani yake. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Huyu ni nani wako, mwanangu?"

Springi huwa anaruka. Siku ile sijui nini kilinishika. Ulimi ulikuwa tayari kusema "ni mimi", lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea kwenye matanga, nami nikanyamaza.

"Pole sana," akasema. "Mimi nilidhani ndugu zake wote wanajua. Tiketi hii ilitumika. Na fidia imeshatolewa, alichukua kaka yake."

Nikashika ukingo wa dirisha.

Akanieleza kwa sauti ya chini ili wa nyuma wasisikie. Treni ile iliharibika tena katikati ya pori, wakakaa juani bila maji siku nzima. Ilipofika mwisho wa reli, mkaguzi wa tiketi akapita behewani kuamsha waliolala. Mmoja hakuamka. Begi amelikumbatia mapajani kwa mikono miwili, mpaka ilibidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja. Tiketi ilikuwa kwenye mkanda wa begi, kitambulisho ndani, na ubavuni mwa begi kumeandikwa kwa rangi, "Mafundi Makochi", na namba ya simu. Wakapiga.

Namba ile ni ya Kaka. Niliiandika mwenyewe, kwa brashi.

"Kaka yake alifika kesho yake," Mama Dirisha akaendelea. "Wenzetu wa kule wanasema alipofunuliwa maiti alisimama kimya muda mrefu, kisha akalia mpaka wakamletea kiti. Akasema ndiye. Akamzika kulekule. Wakubwa wakaona aibu kwa ule ucheleweshaji na ukosefu wa maji, wakaamua familia ifutwe machozi. Hapa alipokuja kuchukua fidia nilimhudumia mimi. Mtu mstaarabu sana."

Wapenzi wasomaji, mimi nimewahi kupigwa, nimewahi kufukuzwa, nimewahi kulala njaa, yote nimewaeleza humu. Sijawahi kusikia baridi niliyoisikia pale dirishani wakati jua linawaka. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama mtoto. Nilikuwa nimekufa, nimezikwa, nimelipiwa, na mwanangu amepona nusu kwa kifo changu. Nusu nyingine ilikuwa bado kwenye bahasha ya Kaka, inasubiri siku ya daktari.

Nilipotoa simu mfuko wa shati miwani ikatoka nayo, nikaiweka juu ya kaunta, nikasogea pembeni, nikampigia Kaka.

Hakuniuliza niko wapi. Alisikia kipaza sauti cha stesheni.

"Umewaambia jina lako?"

"Nimelitaja. Wanadhani mimi ni ndugu wa marehemu."

Alivuta pumzi. "Basi baki hivyohivyo. Ndugu wa marehemu. Usiongeze neno. Nakuja."

"Kaka, yule ni mtu. Ana kwao."

"Najua ni mtu." Sauti yake ikapasuka. "Nilikwenda kule nikijua nakwenda kuwaambia wamekosea, nakuapia. Wakafunua. Hana kitambulisho, simu waliyonikabidhi haina jina la mtu, tiketi yake ya kusimama hakuna aliyeiona, hakuna aliyemwulizia. Wakaniambia aliyefiwa atalipwa. Na mwanao yuko wodini na plastiki ubavuni. Wewe ungesema nini?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilitaka kumshukuru, nalo likanishinda.

"Yule daktari ni Jumatatu," akasema. "Tuvuke Jumatatu. Baada ya hapo unifunge wewe mwenyewe kwa mikono yako." Akakata.

Nikageuka kurudi kuchukua miwani. Haikuwa juu ya kaunta.

Alikuwa nayo yule mwanamke wa benchi. Ameishika kwa viganja viwili, kama mtu anayechota maji.

"Hii ameiacha nani?" akauliza, hamwulizi mtu mmoja, anauliza ukumbi mzima.

Mama Dirisha akaniambia kwa sauti ya kuchoka kwamba dada huyu huja kila siku ya kazi, mumewe hajulikani alipo. Alikata tiketi ya treni ileile. Tiketi ya kusimama, na kwenye orodha ya mkaguzi haikutobolewa, maana yake hakupanda. Ofisi imekubali kumrudishia nauli, iko tayari, ni kutia sahihi tu. Yeye hataki.

"Sitaki," yule mwanamke akasema. Hakupaza sauti. "Wanataka nitie sahihi kwamba mume wangu hakusafiri, wanipe nauli. Nikishaichukua nauli, nani atamtafuta tena? Na nauli hiyo nitamwambia nini mwanangu, kwamba baba yako amerudishwa?"

Akanigeukia, maana niliposogea miguu yangu ilinipeleka kwake.

"Ndugu yangu, mume wangu alinipigia akiwa ndani ya treni. Alisema amepata kiti, kiti cha mtu. Mwenyewe kapatwa na dharura, kamwachia begi amwangalizie, na treni ikaja ghafla. Nikamwambia, begi la mtu si ungelikabidhi kwa wachukuzi? Akasema hapana, alinikabidhi mimi, na kanifungia miwani yangu bila kunidai. Nitakaa nalo mpaka nimrudishie."

Macho yake yakashuka kwenye fundo la uzi wa bluu. Kisha yakashuka zaidi, kwenye begi langu, ubavuni, penye maandishi ya rangi.

Nilitamani ardhi inimeze. Yule bwana alikuwa amekufa juu ya neno langu. Alikumbatia nyundo na mikasi ya mtu asiyemjua mpaka roho ikamtoka, kwa sababu alisema halipotei akiwa hai. Na sisi tumemzika bila jina lake, tukala fidia yake, na sasa mkewe amesimama mbele yangu akiomba ajue alipo tu.

Ningesema palepale. Naapa neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nikauona ule mfuko wa plastiki ubavuni mwa binti yangu, na namna anavyoufunika kwa gauni watu wakiingia, nikameza.

"Kuna jambo jingine," yule mwanamke akasema, taratibu. "Baada ya siku chache nilipiga simu yake. Ikapokelewa na mwanamume. Nikasema, mume wangu yuko wapi? Akasema, 'Umekosea namba, mama. Pole sana.' Akazima. Mtu aliyekosewa namba, anatoa pole ya nini? Ile sauti nalala nayo, naamka nayo. Nikiisikia popote duniani nitaijua."

Nilikumbuka kuwa Kaka yuko njiani. Nikachukua simu nimwambie asije. Nikaandika maneno mawili. Nikafuta, nikaanza upya, nikafuta.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Kaka akaingia mbio mbio, jasho linamtiririka, nyuzi za kochi bado zimeng'ang'ania kwenye suruali. Nikamtikisia kichwa. Hakuniona nikitikisa, aliona begi tu.

Mama Dirisha ndiye aliyemtambua kwanza. Uso wake ukajaa huruma. "Karibu, baba. Pole tena kwa kumpoteza mdogo wako."

"Nimeshapoa, mama," Kaka akajibu. Kisha akanishika bega, kwa nguvu, akasema, "Twende, fundi. Pole sana kwa usumbufu, mama."

Yule mwanamke alikuwa ameupa mlango mgongo. Nikaona mabega yake yanakakamaa. Akageuka polepole, miwani kifuani, akamtazama Kaka kuanzia viatu mpaka usoni. Alinigeukia mimi.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu ni nani wako?"

Mkono wa Kaka begani mwangu ukawa mzito. Mama Dirisha akaegemea mbele kusikiliza. Kuna majibu mawili tu kwa swali lile. Moja, kwamba huyu ni kaka yangu na marehemu wake ndiye mimi, lingempa mama huyu kaburi la mumewe, lingemtia kaka yangu pingu, na kuiacha Jumatatu ya mwanangu bila daktari. La pili, kwamba sisi ni ndugu wa marehemu tu, lingetutoa nje ya mlango ule sote wawili, mimi nikiwa maiti ya kudumu.

Nilifungua mdomo nikiwa nimeshachagua. Lililotoka halikuwa lile nililolichagua. Ni lipi, nitakuambia wiki ijayo.